Ushauri: mfumo wangu wa utafiti una mtumiaji wa nje, nivunje programu za zamani au nibebe mzigo?

Mtafiti_Moro:
Wakuu, salaam. Niko shahada ya uzamili, kazi yangu ni mfumo endeshi mdogo uliojengwa juu ya xv6, ile Unix ya kufundishia ya MIT. Nimeuongezea tarehe za mafaili, zinazohesabiwa kwa sekunde tangu 1970, kwa sasa ndani ya biti 32. Biti hizo zinajaa tarehe 19 Januari 2038, kwa hiyo nahamia biti 64. Shida ni kwamba rekodi ya stat (maelezo ya faili ambayo mfumo huipa programu) itarefuka, na kila programu iliyokompailiwa zamani, yaani iliyogeuzwa kuwa lugha ya mashine, itasoma takataka.

Programu za maabara hazinisumbui, kodi zake (maandishi ya programu) ninazo zote. Ila kuna kampuni ndogo imeuchukua mfumo ikauweka kwenye vifaa vya kupimia mvua. Programu yao wamebaki na baineri tu (ile iliyokwisha kukompailiwa), aliyeiandika kaondoka na kodi. Wananiomba nisiguse kitu. Msimamizi wangu anasema huu ni utafiti, vunja. Nishike lipi?

FundiSeva:
Mkuu, usivunje. Linux ilikutana na hilihili kwenye mashine za biti 32. Toleo la 5.1, mwaka 2019, likaongeza miito mipya (maombi ya programu kwa mfumo, kila moja na namba yake) kama clock_gettime64 ya kuuliza saa, na ya zamani ikaachwa palepale na namba zake.

Microsoft walikwenda mbali zaidi. SimCity ilikuwa inatumia kumbukumbu iliyokwisha kuiachia. Kwenye Windows 3 ilipona, kwenye Windows 95 ya majaribio ikawa inaanguka. Wakaingiza ndani ya Windows kodi ya kuitambua SimCity, na ikiwa inaendeshwa, kumbukumbu iliyoachiwa haichukuliwi haraka. Kosa la wengine, kazi ya Microsoft! Lakini aliyenunua gemu dukani angelaumu Windows, siyo SimCity.

Mlango9:
Hao wana wateja, huyu ana tasnifu. Angalia OpenBSD 5.5, mfumo endeshi wa jamii ya Unix, ya mwaka 2014: muda uligeuzwa kuwa biti 64 kwenye mashine zote, hata zile za biti 32. Baineri za zamani zikafa, watu wakaweka mfumo na vifurushi upya, maisha yakaendelea. Plan 9, mfumo endeshi wa utafiti pale maabara ya Bell Labs, ilihamia UTF-8 (namna ya kuandika herufi za lugha zote) nzima nzima ndani ya siku chache za Septemba 1992, kwa sababu kodi yote ilikuwa mikononi mwao. Ukiwa na wateja, siku hizo zinaishia kwenye kikao cha kwanza.

Asumini_K:
Mlango9, utafiti nao si kinga. Stuart Feldman aliandika make, chombo cha kuunda programu kutoka kodi, hukohuko Bell Labs mwaka 1976, mistari ya amri ikalazimika kuanza na tab. Alipotaka kulirekebisha, tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni moja, akaona asiwaudhi. Mpaka leo weka nafasi badala ya tab uone make inavyogoma.

Kwa hiyo Mtafiti, achana na jina la utafiti au biashara. Uliza ni nani ana baineri isiyoweza kukompailiwa upya. Kwako yuko mmoja, na dawa yake ni ile ya NetBSD 6.0, ndugu wa OpenBSD, ya mwaka 2012: muda biti 64, miito ya zamani ikahifadhiwa chini ya chaguo liitwalo COMPAT_50. Stat mpya ipe namba mpya. Namba ya zamani ibaki, kazi yake iwe kukata muda kuwa biti 32 na kujaza rekodi fupi. Iweke kwenye faili lake peke yake, iwashwe pale tu mtu anapotaka.

FundiSeva:
Hapo sawa. Ila hiyo kampuni nayo itoe kitu. Red Hat, wanaouza Linux, wanabeba toleo moja miaka 10 kwa sababu kuna anayelipa. Wakupe angalau mtu wa kuijaribu hiyo stat ya zamani kila ukitoa toleo.

Mtafiti_Moro:
Asumini_K, nimekupata. Sasa kwenye toleo la tasnifu, ambako ya zamani imezimwa, namba yake irudishe nini?

Asumini_K:
Acha nafasi yake tupu kwenye jedwali la miito. xv6 yenyewe itaandika "unknown sys call" kwenye skrini na kurudisha -1. Usije ukaigawia namba hiyo mwito mwingine. Na kwenye ile stat ya zamani, muda ukipita 2038 rudisha -1 pia, usiukate kimyakimya, la sivyo muda utazunguka kurudi nyuma na kampuni italetewa mvua za Desemba 1901.