Mafunzo ya pamoja kwa majaji, mawakili na maafisa ustawi: siku moja tuitumieje?

mratibu_mafunzo
Habari zenu wakuu. Tunaandaa mafunzo ya siku moja kwa watu wa mahakama za ulinzi wa watoto hapa Marekani: majaji, mawakili wa wazazi, mawakili wa watoto na maafisa ustawi. Kila kundi limeshafundishwa peke yake, ila wakikutana kortini kila mmoja ana maana yake ya "mtoto hayuko salama". Afisa anasoma orodha ya makosa ya mzazi, wakili anajibu kwamba mteja wake kamaliza darasa la malezi, jaji anabaki kukisia. Tuanzie wapi?

wakili_wa_mtoto
Asubuhi yote ipeni swali moja: je, yapo mambo matatu kwa pamoja? Tishio la madhara makubwa, mtoto asiyeweza kujikinga, na mzazi asiyeweza kumlinda dhidi ya tishio hilo. Likikosekana moja, hakuna sababu ya kumtoa nyumbani, hata kama nyumba inasikitisha.

Kisha wazoezeni kuandika tishio kwa namna inayoonekana. "Mama ni mlevi" haimsaidii jaji. "Mara mbili wiki hii mama alilewa hadi hakuweza kuamshwa, mtoto wa miezi 7 analia, na hapakuwa na mtu mzima mwingine" inamsaidia, maana inaonyesha ukali, ukaribu wa hatari na nani alikosekana. Weka kijana wa miaka 15 mahali pa huyo mtoto, jibu linaweza kubadilika kabisa.

mkufunzi_kortini
Naongezea kwa mwenzangu hapo juu. Msitumie kesi inayoendelea. Jaji haruhusiwi kuijadili kesi iliyo mbele yake wakati upande mmoja haupo, na mawakili wataanza kuitetea badala ya kujifunza. Tungeni faili la kurasa 5 au 6, lenye mapengo yale yale ya ripoti za kweli.

Changanyeni kada zote katika kila meza. Kila mtu aandike uamuzi wake kimya kwa dakika 10 kabla ya mjadala, na jaji azungumze mwisho. Akitangulia yeye, meza nzima itamfuata na hamtajua walitofautiana wapi.

Mpango wa usalama, yaani namna mtoto atakavyolindwa akiwa nyumbani, nao uchambuliwe. Mzazi kuahidi kuacha pombe si mpango, kwani unamtegemea yule yule aliyeshindwa kujizuia. Nani atakuwa nyumbani, siku gani, saa ngapi, na asipotokea nani anapigiwa simu?

afisa_ustawi_mstaafu
Dada mratibu, mchana wekeni suala la kumrudisha mtoto. Hapo ndipo watoto wengi hukwama. Sheria ya shirikisho ya 1997 inataka kikao cha makazi ya kudumu, yaani cha korti kuamua mtoto ataishi wapi kwa kudumu, ndani ya miezi 12 tangu aingie malezi ya kambo (kuwekwa na idara nje ya kwao), na akikaa humo miezi 15 kati ya 22 ya karibuni, jimbo linapaswa kuomba haki za mzazi zifutwe, isipokuwa kama analelewa na ndugu, kuna sababu nzito, au idara yenyewe haikutoa huduma ilizotakiwa kutoa. Muda unakwenda huku korti ikihesabu vyeti vya madarasa. Cheti kinathibitisha mahudhurio tu. Mzazi anaweza kuhudhuria vipindi vyote na tishio likabaki, na mwingine bado hajamaliza darasa lakini bibi amehamia kwake na mtoto angeweza kurudi leo chini ya mpango.

Jaji aulize waziwazi: nini hasa kinazuia arudi wiki hii? Majibu yaandikwe kwenye amri kama masharti ya kurudi, yasichanganywe na orodha ya huduma.

mratibu_mafunzo
Asanteni sana. Na majaji wakisema hawawezi kuacha kesi siku nzima?

mkufunzi_kortini
Gawanyeni iwe nusu siku mbili, kila moja ya muda wa saa tatu, zisipishane zaidi ya wiki mbili. Msikubali majaji wapewe kikao chao cha faragha, kwa sababu mtarudi kule kule kwa kila kundi kufundishwa peke yake.