Uwindaji wa kulungu kwenye bustani za umma: acheni kutudanganya kwamba ni "udhibiti"

Wakuu, uzi huu nauandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Na kabla hamjanirukia: sipingi uwindaji. Nyama ya kulungu nakula, na wanaokwenda msituni na leseni zao sina ugomvi nao. Kinachonichemsha ni huu mtindo ulioenea kwenye vitongoji vya Marekani, ambapo bustani ya umma, ileile ambayo watoto wanaendeshea baiskeli na wazee wanatembeza mbwa, inageuzwa uwanja wa mishale tangu majira ya vuli mpaka katikati ya baridi, halafu tunaambiwa tutulie kwa sababu huo ni udhibiti wa idadi ya kulungu.

Nianze na tangazo. Bustani ya kwetu tangazo ni karatasi moja iliyobandikwa kwenye kibao cha maegesho makuu. Sisi tunaoingia kwa vichochoro vya nyuma, na ndio wengi, hatulioni. Njia hazifungwi. Kulungu hutembea zaidi alfajiri na jioni, na mtu mwenye kazi naye anapata nafasi ya kunyoosha miguu alfajiri na jioni. Mwindaji yuko kwenye dungu lake juu ya mti, amevaa nguo za rangi ya majani, na kwa kuwa ni upinde wala si bunduki, majimbo mengi hayamlazimishi kuvaa rangi ya chungwa. Nilipouliza ofisini nikaambiwa nivae ya chungwa mimi. Yaani mwenye silaha ajifiche, asiye nayo ndiye ajitangaze!

Nitawapa haki yao: anayepiga akiwa juu mshale wake unashuka na kuishia ardhini, na masafa ya upinde ni mafupi. Hatari ya mpita njia kuchomwa ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Sawa. Lakini mshale si radi. Hata ukipenya mapafu vizuri, mnyama anakimbia kwanza ndipo aanguke. Ukimpata tumboni, wawindaji wenyewe wanashauriana kusubiri masaa kabla ya kufuata damu, maana ukimfukuza mapema anakwenda mbali zaidi. Sasa kwenye bustani iliyozungukwa na nyumba, "mbali zaidi" ni wapi? Ni uani kwa watu. Msimu uliopita jike mmoja alikuja kufia nyuma ya nyumba ya jirani yangu, mshale ungali mwilini, watoto wako dirishani wanatazama. Tukapiga simu ofisini, tukaambiwa mwindaji atamfuata. Mwindaji naye akasema hawezi kuingia kwenye eneo la mtu bila ruhusa ya mwenyewe, na mwenyewe yuko kazini hapokei simu. Mzoga ukalala pale hadi usiku.

Bado hayo ningeyameza kama kazi yenyewe ingekuwa inafanyika. Haifanyiki. Na hapa ndipo nataka mnisome vizuri.

Mtu yeyote aliyewahi kufuga mbuzi anajua kwamba kundi halipungui kwa kuchinja madume. Dume mmoja anatosha majike wengi. Kulungu jike mwenye lishe nzuri huzaa mapacha mara nyingi, na kwenye vitongoji lishe ipo tele, maua na vichaka vya watu anakula bure. Ukitaka idadi ishuke unapunguza majike, tena wengi, tena kila mwaka. Sehemu zenye nia ya kweli zinaweka sharti: lete jike kwanza, ndipo uruhusiwe dume. Kwetu hakuna sharti hilo. Matokeo yake mtu anakaa dunguni, majike wanapita chini yake, yeye anasubiri pembe za kutundika ukutani na kupiga nazo picha. Huo ni mchezo. Kama ni mchezo tuambiwe ni mchezo, tuujadili kama mchezo, tuone kama wananchi watakubali bustani yao itumike hivyo.

Nimeandika barua kuuliza maswali mepesi kabisa: wameuawa majike wangapi na madume wangapi? Wangapi walijeruhiwa wasipatikane? Idadi ilikuwa ngapi kabla na ni ngapi sasa, na mlihesabuje? Jibu lililokuja: "Programu inaendelea vizuri." Basi.

Asije mtu kuniambia haiwezekani kufanya vizuri zaidi. Rock Creek Park iko katikati ya Washington, jiji kabisa. Mwaka 2013 walianza kupunguza kulungu kwa bunduki: wapigaji waliofunzwa, usiku, barabara za bustani zimefungwa, na nyama ikagawiwa wahitaji. Wakawa na lengo la idadi lililoandikwa, na wakawa wanahesabu miche ya miti kuona kama msitu unarudi. Ukaanza kurudi. Unaweza kuchukia walichofanya, na wapo waliokwenda mahakamani kukizuia, lakini angalau unajua wanafanya nini na kwa nini.

Halafu kuna hii ya kupe, ambayo kila mkutano lazima itolewe. Eti tunawindiwa kulungu ili tusipate ugonjwa wa Lyme, ule unaoambukizwa watu na kupe. Kupe hawapati vijidudu vya Lyme kwa kulungu, wanavipata zaidi kwa panya na wanyama wengine wadogo. Kulungu ni meza ya chakula ya kupe wakubwa kabla hawajataga. Kwa hiyo ndiyo, ukiwaondoa kulungu kupe watapungua: kisiwa cha Monhegan, jimbo la Maine, walifanya hivyo miaka ya 1990 na kupe wakashuka kweli. Ila waliondoa kulungu wote, na ni kisiwani. Kutoa madume kadhaa wenye pembe nzuri bustanini kwetu hakumpunguzii mtu kupe hata mmoja.

Na nyinyi wa upande wa pili, mnaotaka kulungu waachwe kabisa, sina habari njema. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulungu wenye mkia mweupe walikuwa wamebaki wachache sana nchi nzima, karibu nusu milioni. Leo wanakadiriwa kuwa milioni 30 hivi. Mbwamwitu na puma waliokuwa wakiwala wametoweka karibu mashariki yote. Ingia bustanini uone: chini ya miti hakuna mche wa mwaloni uliovuka urefu wa goti. Kuwahamisha ni kuwaua kwa njia ndefu, wengi hufa kwa mshtuko, na unaweza kusafirisha CWD, ugonjwa wa kukonda unaoua kulungu, uende nao. Dawa za kuzuia mimba zimejaribiwa, Staten Island, jijini New York, wakaanza hata kuwafunga madume mirija ya uzazi mwaka 2016, lakini lazima umfikie mnyama mmoja mmoja, na gharama yake si mchezo. Kwa hiyo bunduki ya mtaalamu kwa usiku kadhaa, bustani imefungwa, nadhani ndiyo njia yenye aibu ndogo kuliko zote.

Mwezi ujao kuna kikao cha wazi na nimeomba dakika zangu za kusema. Nataka sharti la jike kwanza, njia zifungwe saa za kuwinda, tangazo liwe kwenye kila mlango, na hesabu zichapishwe kila msimu. Kama kwenu mlifanikiwa kuwalazimisha watoe hesabu, semeni mliandika nini na mlimwandikia nani. Wenye kuja na "hama basi" pitieni kushoto.