Michoro ya miambani: mwanafunzi akiuliza maana yake, tumjibu nini?

Mwalimu wa Historia, Iringa

Habari zenu, ndugu zangu. Nafundisha Historia katika shule ya sekondari hapa Iringa. Juzi niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha kwanza Isimila kuona zana za mawe, kisha tukapanda hadi jabali la Igeleke, karibu na mjini, ambako watu wa kale waliacha picha za rangi nyekundu za watu na wanyama. Isimila sikupata taabu, kwa sababu ukishika shoka la jiwe mkono wenyewe unakueleza kazi yake. Igeleke binti mmoja aliniuliza, "Mwalimu, walichora ili iweje?" Nikamjibu kama nilivyofundishwa, kwamba walichora ili wabahatike katika mawindo. Akaniuliza nimejuaje, nami sikuwa na la kusema. Naomba mwenye ujuzi anisaidie, kwani nimemwahidi jibu.

Mdau wa Mbeya

Mwalimu, hongera kwa kumfundisha mtoto kuuliza namna hiyo. Jibu ulilofundishwa lilienezwa zaidi na padri wa Kifaransa, Henri Breuil, aliyeamini kwamba kumchora mnyama ni kumtia mkononi kabla ya kumwinda. Shida yake inaonekana katika pango la Lascaux, lililogunduliwa Ufaransa mwaka 1940. Mifupa iliyokutwa humo ni ya kulungu wa nchi za baridi karibu yote, maana ndiye waliyekuwa wakimla, lakini miongoni mwa mamia ya wanyama waliochorwa ukutani kulungu huyo yumo mmoja tu, na waliojaa ni farasi, mafahali na kulungu wa aina nyingine. Kama picha ilikuwa dawa ya mawindo, mbona kitoweo chao cha kila siku hawakukichora?

Maelezo yaliyonishawishi zaidi yanatoka kusini mwa bara letu. Katika miaka ya 1870, watafiti wa lugha Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd waliandika maelfu ya kurasa za masimulizi ya Wasani, wawindaji wa asili wa kusini mwa Afrika, kule Cape Town, kwa lugha yao wenyewe. Baadaye mtafiti David Lewis-Williams aliyasoma masimulizi hayo sambamba na michoro ya milima ya Drakensberg, Afrika Kusini, akaona jambo lililokuwa limewapita wengi. Katika pango la Game Pass, huko huko Drakensberg, amechorwa mnyama aitwaye pofu, yule swala mkubwa, akiwa anakufa, kichwa kimeinama, miguu ya nyuma imepishana, na nyuma yake yuko mtu aliyemshika mkia ambaye miguu yake nayo imepishana na ina kwato. Kwa Wasani, mganga anayecheza ngoma hadi kupagawa husemwa kuwa "amekufa", na mnyama huyo ndiye chanzo cha nguvu zake. Ukiyajua hayo, picha uliyodhani ni ya mawindo inageuka kuwa picha ya uganga. Binti yako anauliza tunajuaje: hapo tumejua kwa sababu kuna waliowasikiliza wenyewe.

Mkazi wa Njombe

Nakubaliana na ndugu wa Mbeya kuhusu Drakensberg, ila naomba tusiuchukue ufunguo wa nyumba moja tukafungulia kila mlango. Niliishi Kondoa miaka kadhaa. Michoro ya huko, ambayo mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwaka 1951 na ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, si ya mkono mmoja. Ile myekundu, yenye watu warefu wembamba na wanyama, huhusishwa na wawindaji, na Wasandawe wanatajwa kuwa na uhusiano nao. Ile nyeupe iliyochorwa juu yake ni ya baadaye, ya wakulima. Tena pale Mungomi wa Kolo watu wa leo bado hufanya matambiko ya kuomba mvua na uponyaji. Wanaotambika hapo sio waliochora, lakini kwao mahali hapo pana uzito ule ule. Basi ukuta mmoja umekuwa na maana tatu kwa makundi matatu ya watu, na ukiuliza "maana yake nini" itakubidi kwanza useme ni kwa nani na wakati gani.

Mwalimu wa Historia, Iringa

Nimeelewa, na nashukuru sana. Je, ile desturi ya kuacha alama za viganja ukutani, ambayo vitabu huitaja katika nchi nyingi, nayo ina maelezo?

Mdau wa Mbeya

Alama nyingi za namna hiyo zilifanywa kwa kuweka kiganja juu ya mwamba na kupuliza ngeu, yaani rangi ya udongo mwekundu, kukizunguka. Zipo Argentina, Ufaransa na kisiwa cha Sulawesi nchini Indonesia, ambako mwaka 2024 ilitangazwa picha ya nguruwe na watu watatu yenye umri usiopungua miaka 51,200, uliopimwa kutokana na tabaka la chokaa lililoota juu ya rangi. Watu wa mabara hayo hawakuwahi kuonana, kwa hiyo sithubutu kuwapa sababu moja. Kilicho hakika ni kwamba kila alama ni ya mtu aliyesimama pale, na vipimo vya vidole vinaonyesha kwamba wanawake na watoto walikuwamo.

Mkazi wa Njombe

Mwalimu, mkirudi Igeleke, tafadhali usiruhusu mtu amwagie picha maji ili zing'ae kwa ajili ya kupigwa picha. Kondoa nimeona ukuta ulioharibiwa hivyo: maji yalipokauka yaliacha utando wa chumvi, na twiga aliyekuwa hapo sasa anaonekana shingo tu.