Tununue stripu au tuiandame protini? Nipingeni

MwanaKaloleni
Wadau, nauliza nijibiwe. Mwaka 2019 watafiti walitangaza jeni liitwalo ZRANB3, ambalo kwetu Waafrika linahusiana na kisukari cha aina ya pili. Walipima watu zaidi ya 5,000 wa Nigeria, Ghana na Kenya. Wetu walitoka Eldoret. Walipoizima protini ya jeni hilo kwa samaki wadogo wa maabara, chembe za kongosho zinazotoa insulini zikapungua. Sasa nasikia hoja kwamba serikali iwape watafiti wetu hapa Nairobi pesa waiandame protini hiyo hadi dawa ipatikane. Napinga. Mtu wa Mathare ana mashine ya sukari lakini stripu, vile vipande vya kuwekea tone la damu, zilimwishia mwezi jana. Pesa ziende huko.

WaMaabara
Na mimi nakupinga wewe. Insulini yenyewe ni protini. Kama Banting na Best, waliogundua insulini, wangeambiwa mwaka 1921 kule Toronto waache utafiti wakanunue vifaa, tungekuwa tunazika watoto hadi leo. Sitagliptini, dawa ya vidonge ya kisukari iliyoidhinishwa Marekani 2006, inafanya kazi kwa kuizuia protini iitwayo DPP-4. Hata HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ni protini: himoglobini, ile inayoifanya damu iwe nyekundu, iliyonatwa na sukari.

Na hapo ndipo pananikera. Mtu aliyebeba jeni moja la selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell), kwa kawaida haumwi, pengine hata hajui, lakini HbA1c yake inaweza kusoma chini kuliko sukari aliyonayo. Hilo lilionyeshwa 2017 kwa damu ya Wamarekani weusi. Huku Nyanza na Pwani wabebaji wamejaa. Tunamwambia mtu "uko sawa" kwa rula iliyochongewa wengine. Kutafuta alama ya damu inayotufaa sisi ni kazi ya nani kama si yetu?

Halafu tusidanganyane. Wengi wa hao unaowalilia shida yao si stripu, ni ule mlima wa ugali wa saa tatu usiku.

NyarKisumo
Mlima wa ugali! Ulikuwa unaandika vizuri, nasoma kwa heshima, kumbe ulikuwa unatafuta pa kututukania. Babu yangu alikula ugali na samaki hadi akapita miaka 80 na hakuijua hiyo sukari. Ninyi mnaokula mkate mweupe na soda saa nne ofisini ndio wagonjwa.

KijanaMajengo
Watu wa mukimo mmekaa kimya hapo kama hamhusiki 😂

Mzee Mstaafu
Binti, babu yako alikula ugali wa mtama na wimbi. Huu mweupe wa pakiti ni mambo ya juzi. Mahindi waliyaleta Wareno, na haya meupe yalienea wakati wa mkoloni. Tena babu yako alikuwa analima. Wewe unapanda matatu kutoka steji hadi mlangoni.

NyarKisumo
Mzee wangu, shikamoo, lakini unajuaje napanda matatu? Natembea kutoka Kangemi hadi Westlands kila asubuhi. Njoo tuandamane tuone nani atahema kwanza.

KijanaMajengo
Mzee amepigwa bao la mapema. Sisi Waswahili wa Pumwani tunakula wali wa nazi, kesi hii haituhusu.

WaMaabara
Wali nao haujaachwa, buda. Soma kuhusu kasi ya sukari kupanda baada ya mlo.

KijanaMajengo
Sasa umevuka mpaka.

MamaKibe
Mimi nimesoma kimya hadi nikachoka. Mtoto wangu alipatikana na kisukari cha aina ya kwanza akiwa na miaka sita. Hakula mlima wa chochote. Mwili wake wenyewe ulishambulia kongosho. Kila mahali ninapoenda, kanisani, shuleni, hata kwa mashemeji, naulizwa "ulikuwa unamlisha nini?" Na sasa mtu wa maabara, anayejua tofauti, anakuja kuandika hivyo.

WaMaabara
Mama, swali la juu linasema aina ya pili. Nilijibu hilo.

MamaKibe
Uliandika "wengi wa hao". Aina hukuitaja. Na hata huyo wa aina ya pili, uliingia jikoni kwake?

MwanaKaloleni
Jamani, stripu.

Mzee Mstaafu
Naomba niulize jingine. Kuna ile homoni ya panya ya Harvard, betatrofini, nafikiri ilikuwa 2012. Magazeti yaliandika kwamba sindano za insulini zimefika mwisho. Iliishia wapi? Maana mwanangu alinikatia hiyo habari akaniletea hadi nyumbani.

WaMaabara
Ni 2013, Mzee, maabara ya Douglas Melton, katika jarida la Cell. Walisema inazidisha chembe beta, zile za kongosho zinazotoa insulini. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakaonyesha kwamba panya waliozaliwa bila protini hiyo wanaongeza chembe beta kama kawaida. Melton na wenzake wakarudia majaribio yao, matokeo yale hayakurudi, na 2016 makala ikaondolewa. Siku hizi inaitwa ANGPTL8 na inajulikana zaidi kwa kazi yake kwenye mafuta ya damu.

MwanaKaloleni
Asante kwa kunisaidia. Harvard, na pesa zao zote, walikimbiza protini miaka mitatu wakarudi mikono mitupu. Sisi na bajeti yetu hii?

WaMaabara
Hawakurudi mikono mitupu. Waligundua kwamba haifanyi kazi. Hayo nayo ni matokeo.

KijanaMajengo
Mwambie mwenye nyumba hivyo mwisho wa mwezi.

NyarKisumo
Mimi swali langu ni damu ya Eldoret. Ilitoka kwetu, utafiti ukaongozwa kutoka Bethesda, Marekani. Siku dawa ikitoka, bei tutapangiwa na nani? Hati miliki ya insulini iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kwa kila mvumbuzi, 1923, ili iwafikie wote. Uliza MamaKibe ananunua chupa kwa ngapi.

MamaKibe
Usiniulize.

WaMaabara
Dada, hapo umenifanyia hoja yangu. Bila maabara yetu tutabaki kutoa damu tu.

NyarKisumo
Sijakufanyia chochote. Wewe bado una deni la ugali. Lakini hebu niambie, ile ya selimundu uliipita mbio. Mimi ni mbebaji, najijua. Kliniki walinipima HbA1c wakasema asilimia 6.1, nisile sukari nyingi, niende zangu. Nipime nini?

WaMaabara
Waambie hilo la selimundu kabla hawajakutoa damu. Omba sukari ya kufunga, bila kula usiku kucha, ikifika milimoli 7.0 kwa lita hiyo inarudiwa siku nyingine kuthibitisha kisukari. Au ile ya kunywa glukosi gramu 75 na kusubiri saa mbili, mpaka wa kisukari hapo ni milimoli 11.1. Usitegemee hiyo 6.1 peke yake.

NyarKisumo
Sawa. Hiyo ya kunywa nimewahi kuisikia kwa wajawazito tu.

Mzee Mstaafu
Anayejua bei ya wimbi Nyamakima wiki hii aseme. Niliyonunua Githurai ina mchanga.