Pikipiki ya kwenda mizingani: nifunge kigari cha pembeni au niigeuze kuwa ya magurudumu matatu?

Mrina Asali, Sikonge

Ndugu zangu, habari za kazi. Nina Boxer 150 ambayo kwa miaka sita imenipeleka porini kwenye mizinga na kunirudisha na asali. Masika yaliyopita niliteleza kwenye tope la mbuga, yaani bonde tambarare linalojaa maji, pikipiki ikaniangukia goti la kushoto, na tangu siku hiyo mguu huo unatembea lakini haubebi uzito. Nikisimama kwenye mchanga huku nina ndoo mbili nyuma, siwezi kuizuia pikipiki isilale. Nimeshauriwa niachane na magurudumu mawili, nami nimekubali, ila sitaki kuiuza kwa sababu injini yake bado ni nzima.

Njia yangu ina kipande kifupi cha lami ya Sikonge kwenda Tabora, kisha kilomita zipatazo 18 za njia ya mikokoteni ya ng'ombe ndani ya miombo. Karibu nusu yake ni mchanga, na kuna sehemu mbili za mbuga ambazo masika hazipitiki kwa chombo chochote. Ninaenda na ndoo tupu na msimu wa kurina ninatamani kurudi na ndoo sita za lita 20. Wasiofanya kazi hii wajue kwamba asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina karibu kilo 1.4, hivyo ndoo moja ni kilo 28 na ndoo sita zinapita kilo 165 kabla sijajihesabu mwenyewe.

Nimezungumza na mafundi wawili wa hapa. Wa kwanza anataka anifungie kigari cha pembeni upande wa kushoto, na wa pili anataka akate sehemu ya nyuma na kuweka ekseli ya guta, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, yenye tairi mbili. Bei zao hazipishani sana, na kila mmoja anasema kazi ya mwenzake itaniua. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuendesha au kutengeneza vyombo hivi.

Fundi wa Mwanga, Kigoma

Pole kwa goti, ndugu. Mimi ni mchomeleaji na nimefanya kazi zote mbili, kwa hiyo nitakueleza jinsi kila chombo kinavyokuwa kikishakuwa barabarani.

Pikipiki yenye kigari cha pembeni hailali kwenye kona. Unaigeuza kwa nguvu za mikono kama baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu, na kwa kuwa umbo lake halina ulinganifu, tabia yake ya kushoto si ile ya kulia. Ukiongeza mafuta, kigari kinabaki nyuma kidogo na kukuvuta kushoto. Ukishika breki, kigari kisicho na breki yake kinaendelea kwenda na kukusukuma kulia, yaani kwenye upande wa magari yanayokuja. Ukikata kona ya kushoto kwa kasi huku kigari ni kitupu, tairi lake linanyanyuka. Kona ya kulia haina taabu hiyo, ila mzigo ukiwa mbele sana na kasi ikazidi, chombo kinaweza kulalia pua ya kigari.

Sasa itazame safari yako. Kigari ni cha hatari kikiwa kitupu, na wewe unaenda porini na ndoo tupu. Guta ni la hatari likiwa limejaa, kwa kuwa lina gurudumu moja tu mbele: ukishika breki huku unakata kona, uzito wote unakimbilia kwenye pembe ile ambayo haina tairi. Kigari kingekutisha asubuhi, guta lingekutisha jioni. Hofu ya asubuhi inatibika kwa mfuko wa mchanga wa kilo 40 uliofungwa kwenye sakafu ya kigari, karibu na gurudumu lake, ambao utaumwaga ukifika mizingani. Ya jioni haina dawa ya namna hiyo, maana huwezi kumwaga asali.

Ukichagua kigari, usikubali fundi akifunge kwa kukadiria kwa jicho. Kinashikwa sehemu nne, mbili chini na mbili juu, na fremu ya Boxer haikutengenezwa kubeba nguvu za ubavuni, kwa hiyo vishikio vyake viwe vya kubana kwa bolti na fremu ndogo ya kuunga mkono, si kuchomelea moja kwa moja kwenye bomba la fremu. Gurudumu la kigari likae mbele ya gurudumu la nyuma la pikipiki kwa sentimita 15 hadi 25. Kisha chukua mbao mbili ndefu zilizonyooka, moja uiegemeze kwenye tairi za pikipiki na nyingine kwenye tairi la kigari, upime nafasi kati yake mbele na nyuma. Mbele inatakiwa iwe ndogo kwa milimita 10 hadi 20. Pikipiki yenyewe ilale kidogo sana kuelekea kulia, nyuzi moja au mbili kwa pima maji, ili mzigo ukikaa na barabara ikainamia kushoto chombo kisikuvute mtaroni. Vipimo hivi vichukuliwe wewe ukiwa umekaa juu na mzigo wa kawaida ukiwa ndani. Nimeona kazi nzuri ya kuchomelea ikiharibiwa na kipimo kimoja tu kilichochukuliwa chombo kikiwa kitupu.

Jambo la mwisho ni uwezo. Kwa injini ya nguvu zisizozidi farasi 12 na rimu za spoki, ndoo tatu ndizo mwisho wangu. Hizo sita ni za guta.

Mkulima wa Tumbaku, Urambo

Nimesoma maelezo ya fundi na sina la kuongeza kwenye vipimo. Nataka kusema juu ya njia. Njia ya mikokoteni ina mifereji miwili, na katikati kuna tuta lenye nyasi na visiki. Chombo chenye kigari kinaacha alama mbili za tairi, hivyo kinaweza kufuata mifereji ile hata kama upana haulingani sawasawa. Guta linaacha alama tatu, na ile ya mbele inapita juu ya tuta, ambako ndiko visiki vinakomjeruhi mtu. Kwenye mchanga hali ni hiyo hiyo, maana kila tairi la guta linachimba njia yake na injini inalipia zote tatu.

Hata hivyo ninalo guta, na silichukii. Sisi tunalitumia siku chache kwa mwaka, tumbaku inapotoka kwenye mabani ya kukaushia kwenda ghalani, na siku nyingine linakaa. Kwako siku za kurina ni ngapi? Kama ni chache, kodi guta la mtu pamoja na dereva wake kwa siku hizo, nawe uwe na kigari cha kukagulia mizinga siku zote zilizobaki. Umeuliza juu ya vitu viwili, lakini naona kazi zako zenyewe ni mbili.

Mrina Asali, Sikonge

Mzee wa Urambo, swali lako la siku ngapi limenifanya nikae chini. Nikihesabu kwa ukweli, siku za kurudi na mzigo mkubwa hazifiki kumi kwa mwaka. Siku nyingine ninaenda kukagua mizinga, kufukuza siafu na kubeba kifaa kimoja au viwili.

Kinachonizuia kukubali mara moja ni kurudi nyuma. Fundi wa pili ameniambia guta lina rivasi, na kwa goti hili siwezi kusukuma pikipiki yenye kigari kinyumenyume nikikwama mbele ya mti ulioanguka.

Mwalimu Mstaafu, Kasulu

Ninaendesha pikipiki yenye kigari kwenye miteremko ya huku kwetu, kwa hiyo nitajibu hilo la goti kwanza.

Magurudumu matatu kuwa na rivasi kunategemea fundi anachukua nini. Guta la kiwandani lina gia ya kurudi nyuma pamoja na propela, yaani mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, kifaa kinachoziacha tairi mbili za nyuma zizunguke kwa kasi tofauti kwenye kona. Boxer yako ina cheni. Fundi akiweka ekseli yenye difu ya cheni na kuiacha injini yako kama ilivyo, hakuna rivasi utakayoipata. Utakuwa na chombo kizito zaidi cha kusukuma kuliko kile chenye kigari. Muulize swali hilo kabla hajawasha mashine ya kuchomelea. Muulize pia kama kuna difu kweli au ni ekseli ya chuma kimoja kinachounganisha tairi zote mbili, kwa sababu ekseli isiyo na difu inasukuma chombo kiende mbele hata unapokata kona.

Kigari kikiwa kushoto, utapanda pikipiki kutoka kulia, ukiwa umesimama kwa mguu wako mzima na kupitisha ule mgonjwa juu ya kiti. Kwako hiyo ni nafuu. Usizoee kuuteremsha mguu wa kushoto chini unaposimama, kwani unaweza kunaswa na fremu ya kigari, na kwenye guta ni vibaya zaidi kwa sababu tairi la nyuma linaweza kukupanda kisigino. Wote tuliotoka kwenye magurudumu mawili tuna mazoea hayo. Mimi ilinichukua wiki nzima kwenye uwanja wa mpira kuyaacha.

Nakuongezea breki. Huku kwenye miteremko nilifungiwa breki kwenye gurudumu la kigari, inayokanyagwa pamoja na ya nyuma, na ule msukumo wa kwenda kulia ambao fundi ameueleza ukapungua sana. Sikonge ni tambarare, lakini kwenye lami utakutana na malori. Badilisha pia sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, uweke yenye meno mengi zaidi. Utapoteza kasi, na kasi huihitaji.

Kuhusu karatasi, leseni ya daraja A inahusu pikipiki ya zaidi ya sentimita za ujazo 125 yenye kigari cha pembeni au isiyo nacho, wakati vyombo vya magurudumu matatu vina daraja lake la A2. Ukikata fremu, chombo hakifanani tena na kilichoandikwa kwenye kadi ya usajili. Nenda kwa trafiki na TRA kabla ya kazi, na bima nayo uiulize, usije ukajifunza hayo kizuizini.

Fundi wa Mwanga, Kigoma

Mwalimu amesema kweli kuhusu difu. Ndugu yangu wa Sikonge, pima sehemu nyembamba kuliko zote katika njia yako kabla ya kumpa fundi fedha. Kwa pikipiki ndogo, kati ya tairi la nyuma na tairi la kigari mimi huacha sentimita 105 hadi 115, na ukijumlisha nusu ya usukani upande wa kulia unahitaji kama mita moja na nusu. Fundi akipunguza upana huo ili upite kwa urahisi, kigari kitanyanyuka kwenye kila kona ya kushoto.

Mrina Asali, Sikonge

Nimekwenda leo kwa miguu na kamba yenye mafundo. Njia yote inatosha isipokuwa mahali pamoja, kati ya mti wa mninga na kichuguu, ambapo pana mita moja na sentimita 30 tu. Mninga siukati. Kichuguu nitakipunguza kwa jembe Jumamosi, na Jumatatu ninampelekea fundi wa kigari pikipiki, ndoo tatu zilizojaa maji na mawe ya kufidia uzito wa asali, pamoja na mbao mbili zilizonyooka.