Django: thamani za awali za fomu tuziweke kwenye modeli, kwenye fomu, au `get_initial`?

korosho_dev
Wakuu, heshima zenu. Natengeneza mfumo wa kupokelea korosho kwenye maghala ya chama cha msingi, natumia Django 5 (zana ya Python ya kutengeneza mifumo ya wavuti). Fomu ina tarehe, ghala, daraja, karani, namba ya mkulima na kilo. Nataka karani akiifungua akute vingi vimeshajazwa. Kuna `default` ya modeli (darasa linaloeleza jedwali la databesi), `initial` ya uga wa fomu, na `get_initial()` ndani ya `CreateView` (ukurasa wa kuunda rekodi mpya). Kwenye skrini zote naona zinaleta kitu kilekile. Nyie mnatumia ipi?

BintiPwani
Skrini inakudanganya mkuu. `initial` ni pendekezo la kuonyesha tu. Karani akifuta tarehe kisha akahifadhi, Django hairudi kuichukua ile `initial`, inamtolea kosa kwamba uga ni wa lazima. `default` ya modeli iko chini zaidi: inafanya kazi hata rekodi ikiingizwa kwa skripti inayopitia Django bila fomu yoyote, na `ModelForm` (fomu inayotengenezwa kutoka kwenye modeli) inaichukua yenyewe na kuionyesha. Kwa hiyo kisichotegemea nani ameingia, kama tarehe, nakiweka kwenye modeli na kazi imeisha.

mzee_wa_seva
Kwenye tarehe andika `default=timezone.localdate`, bila mabano mwishoni. Ukiweka mabano, hesabu inapigwa mara moja tu seva inapowaka, na msipoiwasha upya wiki nzima makarani wataona tarehe ya siku ile. Halafu kagua `TIME_ZONE`. Mradi mpya unakuja na UTC (saa ya kimataifa), iko nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo mzigo ulioandikwa kati ya saa sita na saa tisa usiku utasoma jana. Weka `Africa/Dar_es_Salaam`. Na lambda (fanksheni isiyo na jina) usiitumie hapo, `makemigrations`, amri inayoandaa mabadiliko ya databesi, itaigomea.

nairobi_usiku
Kwa ghala mimi ni `get_initial` bila mjadala. Modeli haimjui aliyeingia.

```python
def get_initial(self):
    data = super().get_initial()
    data["ghala"] = self.request.user.karani.ghala
    return data
```

Hata kama uga wa fomu una `initial` yake, hii ndiyo inashinda.

BintiPwani
Sawa kaka, lakini asije akainakili hiyo kwenye `UpdateView`! Kwenye kuhariri, Django inachukua kwanza data ya rekodi, halafu inaifunika kwa `initial` uliyopitisha. Karani wa Newala akifungua mapokezi ya Masasi arekebishe kilo, ghala litakuwa limeshageuka Newala, naye atahifadhi bila kuona. Ukiandika `self.fields["ghala"].initial = ...` ndani ya `__init__` ya fomu (inayoendeshwa fomu inapoundwa), mambo yanakuwa kinyume: kwenye rekodi mpya inaonekana, kwenye kuhariri rekodi ndiyo inashinda. Kama fomu moja inatumika kote kuwili, mimi naenda na `__init__`. Hapo ndipo njia hizi zinapotofautiana kweli, mengine ni mazoea ya mtu.

korosho_dev
Asante dada, hiyo sikuiona popote. Na karani? Nilifikiria uga uliofichwa, nimjaze mwenyewe.

mzee_wa_seva
Uliofichwa haujalindwa. Mtu yeyote anaufungua kwa zana za kivinjari na kuandika karani mwingine. Uondoe kabisa kwenye `fields`, kisha ndani ya `form_valid` (inayoendeshwa fomu ikishapita ukaguzi) andika `form.instance.karani = self.request.user.karani` kabla ya kuita `super()`. Ukitaka jina lionekane, tumia `disabled=True` kwenye uga wa fomu: chochote kitakachotumwa kinapuuzwa, inachukuliwa thamani ya awali. Ile `readonly` ya HTML haikupi ulinzi huo.

BintiPwani
Na daraja usiliwekee thamani ya awali kabisa. Daraja la kwanza na la pili bei si moja, hiyo ni hela ya mkulima. Ukiweka `default`, hata ile mistari ya `---------` kwenye orodha inatoweka, na karani mwenye foleni ya magunia atapita tu. Mwache achague.

nairobi_usiku
Naunga mkono. Ukija kutumia formset (fomu kadhaa za aina moja kwenye ukurasa mmoja), ujue safu ya ziada ambayo hakuna aliyebadilisha chochote inahesabiwa tupu, haihifadhiwi, hata kama tarehe imejazwa. Kwako ni sawa, kilo lazima ziandikwe.

korosho_dev
Na `db_default` iliyokuja na 5.0?

mzee_wa_seva
Hiyo ni ya databesi yenyewe, inafaa kama kuna programu nyingine inayoandika kwenye jedwali hilohilo bila kupitia Django. Kama ni Django peke yake, `default` inakutosha.