Biology E ama M, ni gani afadhali?

DadaKisumu: Wadau mko? Mdogo wangu alimaliza fom foo mwaka jana na anataka kuaplai koleji za Marekani, sasa ameokota kitabu cha SAT Biology, ule mtihani wa kuombea koleji za huko, kwa wale wa mitumba hapa tao na kinasema kuna E na kuna M, unachagua moja. Jenetiki anaimeza ka maji, shida yake ni grafu. Achukue gani?

MtuWaKondele: E bana, hata usiulize. E ni ikolojia, nani anakula nani, na sisi wa ziwa hiyo tunaijua kwa macho, sangara aliletwa akamaliza fulu wengi, wale samaki wadogo, gugumaji likifunika maji Dunga oksijeni inaisha huko chini samaki wanakufa. M ni DNA na enzaimu, kichwa itauma bure.

BioNakuru: Wewe, si amesema grafu zinamsumbua? E ndio imejaa hizo grafu za idadi ya wanyama kupanda na kushuka. Achukue M. Na asipoteze usingizi, maswali ni 80 kwa saa moja, 60 ni ya kila mtu, ni zile 20 za mwisho tu ndio zinatofautiana.

BudaWaChavakali: Mnabishania maiti jamani 😂 Huo mtihani haupo. College Board, wenye SAT, walifuta Subject Tests zote, ile mitihani ya somo mojamoja, Januari 2021, sisi wa nje ya Marekani wakatuachia hadi Juni mwaka huohuo basi. Hebu angalia hicho kitabu ni cha mwaka gani.

DadaKisumu: 2013 😭 na ashalipa 350. Sasa afanyeje?

BudaWaChavakali: Akae nacho, maswali ya M bado ni mazuri ya kujipima. SAT ya siku hizi haina biolojia kabisa, ni kusoma na kuandika plus hesabu. Yenye iko karibu ni AP Biology, mtihani wa College Board wa kiwango cha koleji, inafanywa Mei, hakuna cha E wala M, 60 za kuchagua jibu na 6 za kuandika, masaa matatu, lakini mpaka apate kituo chenye kinakubali watu wa nje na hapo ndio kuna kazi. Mimi ningeanza na koleji zenyewe, aone zinaitisha nini, kwa sababu nyingi hazimlazimishi mtu AP, KCSE yake wataiangalia.

MtuWaKondele: Haya, E yangu imeenda na maji. Na hiyo SAT ni ya kompyuta siku hizi ama?

BudaWaChavakali: Eeh, mnaenda na laptop yenu, programu inaitwa Bluebook, aiweke mapema akiwa nyumbani na aende na chaja.